Jinsi ya Kutengeneza Meza ya Ruta Badala ya Kabati

Kabla ya kununua hata msumari, hakikisha kuna mtu amekuomba kabati. Meza ya ruta haianzi hivi hivi. Lazima iwepo kazi nyingine, ndogo, ya siku tatu, iliyokaa mahali ikikusubiri: rafu ya viatu, kiti kilichokatika mguu au, kama ilivyokuwa kwangu, kabati la jikoni la milango miwili. Mke wangu alilichora nyuma ya boksi la sabuni, akaandika vipimo kwa kalamu ya rangi ya mtoto: urefu futi 6, upana futi 3, kina inchi 16. "Baba watoto, hili litachukua muda gani?" Nikamwambia wiki moja, na wallahi sikuwa namdanganya. Wakati ule sikujua bado kwamba mlango wa paneli unahitaji gruvu ya kuingizia paneli, kwamba gruvu iliyonyooka inahitaji ruta, na kwamba ruta, ukiisikiliza kwa makini, inahitaji meza.

Mtu mwingine angekwenda Keko. Kwa msomaji aliye mbali: Keko ndiko Dar es Salaam inakonunua vitanda, makochi na makabati, na mafundi wa pale huzitoa kazi zao nje hadi mpita njia anapishana na meza za kulia chakula. Unaonyesha picha kwenye simu, mnapatana bei, unatoa kianzio, unarudi nyumbani. Njia hii ina kasoro moja kubwa: mwisho wake unapata kabati tu.

Basi tuanze na ruta yenyewe. Ukifika Kariakoo ukasema unataka ruta, utaelekezwa duka la simu. Kijana aliyenipokea alinitolea boksi jeupe lenye antena nne. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, mimi nataka ruta ya mbao." Akaigeuza ile ya kwake, akanionyesha vitundu viwili vya skrubu mgongoni. "Hii hata kwenye mbao unaipiga tu mzee, haina shida." Ilibidi nioneshe kwa mikono na kutoa mlio kwa mdomo, ndipo jirani yake wa duka la zana akanielewa na kuniita.

Ruta ya seremala ni mota iliyosimama wima. Chini yake kuna koleti, na koleti imebana kisu kidogo kinachoitwa biti, ambacho huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika. Ukiitumia kwa mkono unaishika masikio yake mawili na kuisukuma juu ya ubao, nayo inakupigia ribeti, gruvu, au ukingo wa mviringo usiomkwaruza mtoto. Meza ya ruta ni hiyo hiyo ruta iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu, ikaning'inizwa uvunguni, biti ikichungulia juu kupitia tundu. Sasa mashine imetulia na ubao ndio unaotembea. Elimu yote ni hiyo. Kinachobaki ni miezi mitano.

Kifaa hiki, husimuliwa, kina asili ya kinyozi. R. L. Carter wa Syracuse, New York, enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, alichukua mota ya mashine ya kunyolea nywele, akaichongea kisu, akaanza kulainishia kingo za mbao. Kampuni ya Stanley ikaja kuinunua biashara yake mwaka 1929. Nimtajie nini mtu wa mbali hivyo? Ni kwa sababu mke akikukuta umefungua mashine ya kusagia nazi kutafuta mota, itakufaa kujua kwamba nusu ya zana za seremala zilianza na mtu aliyefungua kifaa kizima.

Tuje kwenye uso wa meza, na hapa usiwe na haraka. Uso una masharti mawili: uwe bapa, na uwe laini kiasi cha ubao kuteleza. Sharti la tatu, kwamba usiwe mlango wa chumba cha wageni, nililigundua kwa njia ndefu. Nilikuwa na mlango wa flashi uliong'olewa, bapa kama maji ya bwawa, nikaona nimepata meza bure. Nilipoutoboa tundu la ruta nikakuta ndani mna upepo na vipande vya karatasi ngumu vilivyosukwa kama sega la nyuki. Ruta yangu ina kilo nne. Mlango ule ulistahimili kilo nne kwa muda wa kwenda kumwita mke aje aone.

Kinachofaa ni marini bodi, ile plaiwudi nyeusi inayong'aa, milimita 18, ambayo wajenzi huitumia kumwagia zege la nguzo na slabu. Weusi wake ni ngozi ya karatasi iliyoloweshwa gundi ya fenoli. Zege haliishiki, na mninga unateleza juu yake kama dagaa kwenye turubai la mvua. Shiti nzima ni futi 8 kwa 4, wewe unahitaji sentimita 80 kwa 60, kwa hiyo tafuta kipande. Usikubali kipande kilichokwisha kumwagiwa zege hata ukipewa na soda juu. Kokoto moja iliyojificha ukingoni itakula meno ya biti kabla hujajua umegonga nini.

Vitabu vinashauri uunganishe matabaka mawili ili uso usilegee kwa uzito wa ruta. Ni ushauri mzuri. Paka gundi nyeupe ya mbao, lalisha kipande juu ya kipande, kisha weka mgandamizo. Ukiwa huna jiliwa za kutosha, na hutakuwa nazo, chukua ndoo sita za maji za lita 20. Hizo ni kilo 120 zilizotawanyika vizuri. Nyumbani wakiuliza maji ya kupikia, waambie gundi haijakauka. Subiri saa 24, ondoa ndoo, inua kwa fahari. Utainua tabaka moja. La pili litabaki chini, safi, halina hata kovu, kwa maana ile ngozi isiyoshika zege haishiki gundi pia, jambo ambalo mtu mwenye akili angeliwaza siku ile ile aliposifia zege kutong'ang'ania. Dawa yake ni kuparua weusi wote wa ndani kwa msasa namba 60 mpaka mbao ionekane, halafu kurudia ndoo. Waambie nyumbani kwamba ni siku moja tu nyingine.

Katikati ya uso hukaa bamba linaloshikilia ruta. Plastiki ngumu ya milimita 6 inapendeza, inaonyesha ndani, na kwa ruta nzito huanza kubonyea kidogo kidogo kama godoro la gesti. Chukua alumini ya unene huo huo. Kwa mafundi wa Gerezani hukosi wa kukukatia, ila umpe vipimo vilivyoandikwa, kwa sababu "kama hivi" ya vidole viwili kwako na "kama hivi" ya kwake ni vipimo viwili tofauti. Kutoboa matundu hakuhitaji hesabu: fungua kitako cha plastiki cha ruta, kiweke juu ya bamba, toboa kwa kukifuata. Hesabu inakuja kwenye skrubu. Alumini ni nene kuliko kile kitako, kwa hiyo skrubu za asili zitakuwa fupi, na hatua ya uzi wake itakuwa ile ambayo hakuna duka linayo. Nilitembea na skrubu moja mfukoni kwa wiki mbili, nikiitoa duka kwa duka kama mtu anayetafuta pacha wa mtoto aliyepotea.

Bamba linatakiwa lilale sawasawa na uso wa meza. Likiwa juu kwa unene wa ukucha, ubao utakwama unapoingia. Likiwa chini, utazama unapopita. Kwa hiyo unalichongea kibaraza cha kukalia ukingoni mwa tundu, na kuweka skrubu nne pembeni za kulipandisha na kulishusha. Kibaraza hiki, maelekezo yote yanakubaliana, huchongwa vizuri zaidi kwa ruta iliyofungwa kwenye meza ya ruta. Mimi nilitumia patasi. Mke wangu, ambaye kwao ni Unguja, alisimama mlangoni mwa banda akanitazama nikigonga, akauliza kwa ile sauti yao ya upole: "Hivi milango yetu ya Mji Mkongwe nayo ilichongwa kwa meza kama hii?" Nikamjibu kwamba ile ilichongwa kwa patasi na nyundo. Akasema, "Ahaa," akaenda zake. Sijawahi kusikia "ahaa" iliyopigwa msasa vizuri namna ile.

Sasa kiongozi. Ni ule ubao au chuma kilichosimama nyuma ya biti, ambacho unakiegemezea kazi yako unapoisukuma. Wapo wanaouita fensi. Mimi namwita kiongozi, kwa sababu ndiye kiongozi pekee katika maisha yako ambaye utapata nafasi ya kumchonga mwenyewe, na bado utamkosea. Masharti yake ni machache: anyooke, na asimame wima kwa meza. Akipinda, kila ubao utakaompitia utapinda vile vile, na hutajua kosa ni lake, utalaumu mbao.

Wangu wa kwanza alikuwa paini ya 2 kwa 4. Siku namchagua alikuwa kijana mwenye sura nzuri, nilimtazama kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho nikaona mstari. Lakini paini iliyofika jana kutoka Mafinga bado inakumbuka mvua ya kwao. Siku nne za joto la Dar es Salaam ndani ya banda la mabati zilimtosha. Akakauka, akajikunja mgongo, akawa anaelekea kushoto huku amefungwa boliti mbili. Nikamwondoa madarakani bila uchaguzi. Aliyemrithi ni bomba bapa la alumini, kipande kilichobaki kwa mafundi wa madirisha. Kila mtaa una karakana ya madirisha ya alumini, na kila karakana ina pipa la vipande. Humo mna viongozi walionyooka, hawanywi maji, hawaliwi na mchwa, na hakuna anayewataka. Mkate tundu la nusu duara katikati ili biti ipate pa kukaa, mfunge kibao kwa nyuma kimpe ubavu, basi.

Kuhusu kusimama wima, pima kwa skwea, lakini mpime skwea kwanza. Egemeza skwea kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena pale pale. Mistari ikiachana kadiri inavyokwenda, skwea yako ni mwongo, na uongo unaouona kwenye karatasi ni mara mbili ya ule ilio nao. Yangu, mpya, kwenye nailoni yake, iliachana kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti. Nilirudi kwenye tatu-nne-tano ya waashi: sentimita 30 upande huu, 40 upande ule, na mshazari ukisoma 50 kamili una pembe mraba, na hujamlipa mtu.

Sasa nakupa siri moja ambayo ningelipia pesa kuipata mapema. Kiongozi hahitaji kuwa sambamba na ukingo wa meza. Kwenye msumeno wa meza ni lazima, kwa sababu diski ni bapa na ina mwelekeo. Biti ni duara, haijui kaskazini wala kusini, inachojua ni umbali tu. Nilipoteza Jumapili tatu kumpanga kiongozi sambamba kwa rula mbili na uzi. Hakuna haja. Mfunge boliti moja mwisho wa kushoto awe anazunguka hapo, na mwisho wa kulia mbane kwa jiliwa. Na kwa kuwa biti iko nusu ya njia, ukisogeza ule mwisho wa kulia milimita 2, penye biti pamesogea milimita 1 tu. Umepata kipimo cha usahihi ambacho wengine wananunua kwa dola, nawe umetumia boliti na uvivu.

Kupandisha na kushusha biti ni mateso mengine. Ruta ikiwa kichwa chini, uzito wake na springi yake vyote vinasukuma kuelekea sakafuni, na wewe uko magotini unasukuma kuelekea mbinguni huku mkono wa pili ukitafuta kifunga. Walimwengu wamelitatua hili kwa jeki ya gari, ile ya mkasi inayozungushwa kwa mpini. Iweke chini ya kichwa cha mota, zungusha, biti inapanda kwa ustaarabu, robo milimita baada ya robo. Ukishapata kimo chako, kaza kifunga cha ruta kabla ya kuwasha, maana jeki peke yake huanza kushuka kwa mtikisiko. Ni ufumbuzi mzuri sana na sina neno baya juu yake, ila nunua jeki nyingine. Mimi nilichukua ya gari letu. Pancha ilitukuta Ubungo saa 12 jioni, mimi, mke, watoto wawili na keki ya harusi ya watu. Msamaria mwema akasimama, akauliza jeki iko wapi. Nikamwambia iko nyumbani, imeinua ruta. Akanitazama kwa muda. "Ili mtandao ushike vizuri?" Mke wangu ndiye aliyejibu. Alisema ndiyo.

Umeme. Ruta ya kawaida hula kati ya wati 1,000 na 2,000. Yangu ni 1,500, kwa hiyo saa moja ya kazi ngumu ni uniti moja na nusu ya luku. Waya wa kuunganishia uukunjue wote hata kama meza iko hatua mbili kutoka ukutani, kwa kuwa waya uliobaki umeviringwa hujipasha moto kama nyoka juani. Hayo ni madogo. Kubwa ni swichi. Ruta imejificha uvunguni na swichi yake imejificha pamoja nayo, hivyo wengi wetu tunaiacha imewashwa moja kwa moja, tunatumia swichi ya soketi ukutani. Nilifanya hivyo. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya majaribio. Nikangoja kidogo, nikaenda kunywa chai, nikala, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Umeme ulirudi saa 9 usiku.

Niseme hivi: ruta kelele zake hupita desibeli 90, na banda langu ni la mabati. Jirani wa kulia alitoka na panga akijua majambazi wanakata nondo. Wa kushoto alitoka na taulo. Mimi nilitoka nikijua hasa ni nini, na hilo ndilo lililonifanya nichelewe kufungua mlango. Tangu hapo meza ina swichi ya sumaku, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu: umeme ukikatika inajiachia, na ukirudi inangoja mtu aibonye. Ifunge mbele, usawa wa paja, ili mikono yote miwili ikiwa kazini uizime kwa mguu wako. Katika mwongozo huu unaweza kubana pesa kwenye kila kitu. Hapa usibane.

Sasa meza imesimama, na bila shaka utataka kupitisha ubao. Kejeli niziweke pembeni kwa dakika mbili, kwa sababu vidole havioti.

Angalia shina la biti. Koleti yako inaweza kuwa ya robo inchi, yaani milimita 6.35, na seti ya biti 15 uliyopatana bei nzuri ikawa ya milimita 6. Itaingia. Itakazika. Kisha, ikishika moto, itaanza kupanda yenyewe ndani ya kazi au kuchomoka. Vivyo hivyo nusu inchi na milimita 12. Biti ya milimita kwa koleti ya milimita, ya inchi kwa koleti ya inchi, hapa hakuna ndoa ya mseto. Izamishe hadi mwisho, irudishe juu kama milimita 3, ndipo ukaze.

Biti kubwa zizungushwe polepole. Biti ya kipenyo cha milimita 50 ikizunguka mara 22,000 kwa dakika, ncha ya kisu chake inakwenda kilomita 207 kwa saa. Treni yetu ya umeme ya kwenda Dodoma imeundwa kufika 160, nayo ina reli. Shusha hadi 12,000, utakuwa kwenye 113. Na usikate kina chote kwa mkupuo. Milimita tatu, zungusha jeki, tatu nyingine.

Upande wa kusukumia ndio mkubwa kuliko yote. Ukisimama mbele ya meza, kiongozi akiwa upande wa pili wa biti, ubao unatoka kulia kwenda kushoto. Ruta iliyogeuzwa huzungusha biti kinyume cha mshale wa saa ukiitazama kutoka juu, hivyo ukisukuma kutoka kulia meno yanakupinga, na kupingwa ndiko unakokutaka. Ukisukuma kutoka kushoto, biti inauvuta ubao kwa hamu kuliko wewe. Mimi nilijaribu mara moja, kwa bahati mbaya, na kipande cha mninga cha futi 2. Kilitoka bandani kabla yangu, kikapita kamba ya nguo, kikaacha kanga mbili zikipepea, kikasimama kwenye ukuta wa jirani wa panga. Mkono wangu ulikuwa umeshaachia. Ungekuwa bado umeshika, ungekwenda ulikokuwa unaelekea ubao, yaani juu ya biti. Na kamwe usipitishe ubao katikati ya kiongozi na biti; ni kosa hilo hilo, limevaa suti. Vipande vifupi visukume kwa kijiti, au vikate kutoka ubao mrefu baada ya kuupitisha.

Vaa barakoa pia. IARC, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika mwaka 1995, na la mninga hata bila kuwauliza wao litakuambia lenyewe puani ndani ya robo saa.

Haya, tumerudi. Ukishamaliza meza utagundua haina droo ya kuwekea biti. Utaunda droo. Droo inahitaji gruvu, na sasa, kwa mara ya kwanza, unayo mashine ya kupigia gruvu, furaha iliyoje. Kisha utaona meza haina magurudumu. Kisha utaona kwamba kiongozi angependeza akiwa na ubao wa meno wa kubania kazi, na ubao wa meno unahitaji mtaro wa boliti, na mtaro wa boliti unapigwa na ruta. Mwezi wa nne nilihesabu: meza yangu ilikuwa imekata jumla ya gruvu 11, zote zimo ndani ya meza yenyewe. Ile seti ya biti 15 nimetumia tatu, ya kunyoosha, ya kuviringa ukingo na ya ribeti; kumi na mbili zilizobaki ninazifungua usiku kuzitazama.

Kabati likaja mwezi wa tano, juu ya toyo, limefungwa kamba na mablanketi. Sikuwa nimeulizwa. Fundi wa Keko alilitengeneza kwa siku nane, milango miwili ya paneli, mninga, vipimo vya boksi la sabuni. Nikaingiza ukucha kwenye gruvu ya paneli. Imebana vizuri. Nikamuuliza amepiga kwa ruta gani. "Hii? Msumeno tu mzee. Unapitisha mara mbili." Akaonyesha kwa kiganja: mara moja, halafu pembeni kidogo mara ya pili.

Mlango mmoja ulikuwa unagusa sakafu yetu, ambayo kwa hakika ndiyo iliyopinda, ikabidi aurande chini kidogo. Akatafuta mahali pa kuulazia. Nikampeleka bandani. Akapitisha kiganja juu ya marini bodi, akainama kuitazama kwa jicho moja, akabonyeza pembe zote nne kuona kama inacheza. Haikucheza. Nilimwona ameikubali. Akaulaza mlango, akatoa randa yake ya mkono, akapiga mara mbili tatu, akasimama kusugua goti.

"Meza safi sana hii, mzee," akasema. "Ila hicho kidude cha uvunguni kinanigonga. Kinatoka?"

Nikaleta bisibisi.